Karakana ya Kompyuta Kongwe: Namna ya Kujenga na Kutunza Programu za Mashine za Biti 32

Katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Wete, kisiwani Pemba, kuna kompyuta ya Pentium 4 ambayo kazi yake ni moja tu: kuweka hesabu ya saruji, mabati, nondo na madeni ya wateja, kisha kuchapa stakabadhi kwenye karatasi za nakala tatu. Printa yake ni ile ya sindano na utepe, yenye kelele ya cherehani, na imeungwa kwenye mlango sambamba ambao kompyuta za siku hizi hazinao. Mimi nakaa Chake Chake, na programu hiyo, iliyoandikwa kwa lugha ya C na mtu aliyenitangulia, iko mikononi mwangu. Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza kwa nini mashine hiyo isitupwe. Haitupwi kwa sababu inafanya kazi, mwenyewe ameizoea, na sindano ndizo zinazoweza kugonga nakala tatu kwa pigo moja. Tabu iko upande wetu sisi tunaoihudumia, kwani kompaila (zana inayogeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kuwa programu inayoendeka), maktaba (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari) na zana za ujenzi hubadilika kila mwaka, na siku bei ya saruji inapohitaji safu mpya kwenye stakabadhi, ndipo unapogundua kwamba huna tena kitu cha kuijengea programu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiwekea mashine kama hiyo karakana yake, yaani seti kamili ya zana zilizogandishwa katika hali moja, ambazo zinakaa kwenye kompyuta mpya lakini zinatoa programu inayokubalika na kompyuta kongwe. Mfano nitakaoutumia ni Debian 8 ya biti 32, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, kwa kuwa ndiyo iliyoko Wete.

Hatua ya kwanza: ipime mashine na uandike kwenye daftari

Kabla ya kugusa msimbo wowote, kaa mbele ya mashine kongwe na uchukue maelezo yake. Amri ya `uname -m` itakueleza aina ya prosesa ambayo mfumo unaiona, na `ldd --version` itakueleza toleo la glibc, ambayo ni maktaba ya msingi inayotegemewa na takriban kila programu ya Linux. Faili ya `/proc/cpuinfo` ina mstari wa `flags` unaoorodhesha maagizo ambayo prosesa inayafahamu; tafuta humo neno `sse2`. Pentium 4 inalo, Pentium III haina, na programu iliyojengwa kwa kudhani kwamba lipo itaanguka papo hapo kwa ujumbe wa Illegal instruction, bila neno jingine la kukusaidia.

Yote hayo yaandike kwenye daftari la karatasi, pamoja na ukubwa wa RAM, aina ya diski na namna mlango wa printa ulivyopangwa ndani ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayotangulia mashine ikiwashwa. Nasema karatasi kwa makusudi, kwa sababu maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya mashine hiyohiyo hayatakufaa siku itakapokataa kuwaka. Ukurasa wangu wa Wete unasomeka hivi: i686, sse2 ipo, glibc 2.19, diski ya IDE, printa mlango wa kwanza.

Hatua ya pili: itengeneze saa kabla ya kitu kingine chochote

Watu wengi huiruka hatua hii, nami niliiruka. Siku moja mwenye duka alinipigia simu akaniambia, "Fundi, njoo. Mashine haijafa, imesahau tu leo siku gani." Nikamjibu, "Nakuja, mzee wangu," nikidhani ni jambo la dakika tano.

Betri ya ubao mama, kile kidonge cha CR2032 cha volti 3, ndiyo inayoiweka saa hai wakati kompyuta imezimwa. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine huamka ikiwa miaka mingi nyuma. Kwa mwenye duka maana yake ni stakabadhi zenye tarehe za uongo. Kwa anayejenga programu balaa ni kubwa zaidi, kwa sababu zana ya `make` huamua kipi kijengwe upya kwa kulinganisha nyakati za faili tu: msimbo ukiwa mpya kuliko kile kilichotokana nao, hujenga, ukiwa wa zamani kuliko hicho, huacha. Siku ile nilirekebisha faili ya bei palepale dukani, kwenye mashine iliyoamka ikiamini kwamba ni mwaka 2003. `make` ikajibu kuwa hakuna la kufanya, nami nikakaa karibu saa nzima nikitafuta kosa katika marekebisho ambayo hayakuwahi kuingia ndani ya programu. Mambo yakiwa kinyume, yaani faili ikiwa na saa ya mbele, `make` hutoa onyo la Clock skew detected. Onyo hilo usilipuuze hata mara moja.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, gusa bati la boksi ili umeme tuli uondoke mwilini, kisha toa kidonge. Kilicho kizima hupimwa volti 3 au zaidi kidogo. Kwetu visiwani angalia na vishikizo vya betri, kwani hewa ya chumvi huviotesha ukijani, na betri mpya juu ya vishikizo vyenye kutu ni fedha iliyomwagwa baharini. Vifute kwa spiriti na uache vikauke. Kwa kuwa boksi limeshafunguliwa, zitazame kapasita zilizoizunguka prosesa. Bao mama nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka na kapasita mbovu, na zile zilizovimba kichwani au zinazovuja hazitangoja masika mengine.

Ukishawasha, ingia BIOS, weka tarehe na saa, na uurudishe mlango wa printa katika hali iliyoandikwa daftarini, maana betri ikifa mipangilio hiyo nayo hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mashine isiyo na intaneti iwekewe saa kwa kutazama simu, kisha `hwclock --systohc` iandike saa hiyo kwenye ubao.

Kuna mtego mwingine wa saa ambao umo ndani ya flashi. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ambao huandika saa za mahali bila kutaja ukanda, tena kwa hatua za sekunde mbili mbili. Kompyuta moja ikiwa kwenye ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam na nyingine ikiwa imeachwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, faili zinazovuka kati yao zinaweza kurukia saa tatu mbele au nyuma. Kwa hiyo msimbo usisafiri ukiwa faili moja moja. Ufunge kwanza kwa `tar`, ambayo huhifadhi wakati wa kila faili ndani ya furushi lenyewe.

Na maadamu tunazungumzia saa: mifumo hii ya biti 32 huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na hesabu hiyo itajaa Jumanne ya Januari 19, 2038, ambapo kwa saa zetu itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine itajiona iko Desemba 1901. Msomaji asidhani ni habari ya mbali, kwa kuwa mwenye kuandika leo mkataba wa upangaji wa miaka 20 ameshaivuka tarehe hiyo. Glibc 2.34 ya mwaka 2021 ilileta hesabu ya biti 64 hata kwa mashine za biti 32, lakini glibc 2.19 haina kitu hicho. Humo tarehe za mbele zihifadhiwe kama maandishi ya mwaka, mwezi na siku, na hesabu yake ifanywe kwa siku bila kupitia saa ya mfumo.

Hatua ya tatu: jenga karakana

Mara ya kwanza kabisa nilijenga programu kwenye laptopu yangu mpya, nikaijaribu, ikakubali, nikapanda gari hadi Wete. Mashine ilinijibu kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Nilishangaa, kwa sababu programu yangu haikuita chochote kipya. Baadaye nilielewa kwamba katika toleo hilo la 2.34 hata kile kipande kinachoianzisha programu yoyote ile, `__libc_start_main`, kilipewa namba mpya ya toleo, hivyo programu ya mistari mitatu tu iliyojengwa juu ya glibc hiyo hukataliwa na mifumo yote iliyotangulia. Programu ya zamani hukubalika kwenye maktaba mpya, ila ya maktaba mpya haikubaliki kwenye ya zamani. Ndiyo sababu karakana lazima iwe na umri wa mashine inayohudumiwa.

Kwenye kompyuta mpya yenye Debian, sakinisha `debootstrap`, kisha andika kwa mamlaka ya msimamizi:

debootstrap --variant=buildd --arch=i386 --keyring=/usr/share/keyrings/debian-archive-removed-keys.gpg jessie /srv/karakana http://archive.debian.org/debian

Neno `jessie` ni jina la Debian 8, na `buildd` huleta kompaila na `make` pamoja na mfumo wenyewe, hivyo hutahitaji kupakua kitu kingine ukiwa ndani. Funguo za kuthibitishia matoleo yaliyostaafu zimo kwenye faili niliyoitaja katika amri, na inatoka kwenye kifurushi cha `debian-archive-keyring`. Usikubali ushauri wa kuzima uthibitishaji kwa sababu tu ni njia fupi. Fanya kazi hii usiku, wakati mtandao umetulia, kwani utapakua mamia ya megabaiti, na nia ni kwamba usiyapakue tena maishani.

Kisha ingia:

linux32 chroot /srv/karakana /bin/bash

Neno `linux32` lisisahauliwe. Bila hilo, `uname -m` itajibu x86_64 hata ukiwa ndani ya karakana, na programu zenye hati ya `configure` zitadanganyika zikajipanga kwa biti 64.

Kabla ya kuitumia, toka nje, hakikisha hukuacha `/proc` imepachikwa ndani, na uifunge yote:

tar --numeric-owner -C /srv -cJf karakana-jessie32.tar.xz karakana

Chukua alama yake kwa `sha256sum`, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikibadilika hata kidogo, iandike daftarini, na uweke nakala kwenye diski mbili ambazo hazilali nyumba moja.

Wenye Windows XP, ambayo msaada wake ulikoma Aprili 8, 2014, watafuata fikra hiyohiyo kwa zana tofauti. Seti ya mwisho ya kujengea XP ni ile ya Visual Studio 2017, iitwayo v141_xp. Python iliishia 3.4 na Go iliishia 1.10. Pakua visakinishaji hivyo leo, uvihifadhi, na uviweke kwenye mashine ya kubuni, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, ambayo haitasasishwa.

Hatua ya nne: safisha faili ya ujenzi

Zana ya `make` iliandikwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, na sharti lake la kwamba mstari wa amri uanze kwa herufi ya kitufe cha Tab linatutesa hadi leo. Mwenyewe alieleza kwamba alipotambua kosa hilo alikuwa tayari na watumiaji kama dazeni moja, wengi wao marafiki, na hakutaka kuwavurugia kazi zao. Ukiona ujumbe wa missing separator, ujue Tab imegeuka kuwa nafasi za kawaida. Hutokea khasa pale mtu anapotumiwa faili kwa kunakiliwa ndani ya ujumbe wa WhatsApp. Mtumiane furushi la `tar`, si maandishi.

Ndani ya faili yenyewe ya ujenzi, iitwayo Makefile, kila kitu kitajwe waziwazi:

CFLAGS = -std=gnu99 -O2 -march=i686 -Wall

Kiwango cha lugha kikitajwa, programu haitategemea kile ambacho kompaila ya mwaka huu inakichukulia kuwa cha kawaida. Aina ya prosesa ikitajwa, hutatoa maagizo ambayo mashine haiyajui. Neno `-march=native`, ambalo watu hulinakili kutoka miongozo ya kuongeza kasi, likae mbali kabisa, kwa maana huiambia kompaila ijengee prosesa iliyo mbele yake, yaani laptopu yako wewe.

Kuna jambo ambalo kwetu hulijua kila mtu aliyewahi kufanya kazi usiku: umeme kukatika katikati ya ujenzi. Faili ya `.o`, yaani kipande cha msimbo kilichokwisha kutafsiriwa na kompaila, iliyokuwa ikiandikwa wakati huo inaweza kubaki tupu lakini ikiwa na saa mpya, na `make` itakapoiona itadhani kazi yake imekwisha. Ujenzi utaendelea hadi mwisho, ndipo utakapoambiwa kuwa faili haitambulikani. Umeme ukirudi, usiendelee ulipoishia:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kwa programu ndogo kama yangu, `make clean` na kuanza upya ni salama zaidi, na haichukui hata muda wa kumimina chai.

Hatua ya tano: tumia kompaila mpya kama miwani

Karakana ina kompaila ya GCC 4.9, ambayo ni mpole mno kwa msimbo wa zamani. Upole huo huficha makosa. Kwa hiyo kila nikimaliza marekebisho huupitisha msimbo kwenye GCC mpya ya laptopu pia, si kwa ajili ya kupata programu, bali kusoma malalamiko yake. GCC 10 ya mwaka 2020 iliacha kuvumilia kigezo kimoja cha jumla kutangazwa katika faili mbili bila `extern`. GCC 14 ya mwaka 2024 ilikigeuza kuwa kosa kitendo cha kuita fanksheni isiyotangazwa, jambo ambalo kiwango cha C cha mwaka 1999 kilikuwa kimeshaliondoa. GCC 15 ya mwaka 2025 imehamia kiwango cha C23, ambamo mabano matupu kwenye tangazo la fanksheni yana maana kwamba haipokei kitu.

La katikati ndilo zito. Fanksheni inayorudisha anwani ya kumbukumbu ikiitwa bila tangazo, kompaila ya zamani hudhani inarudisha namba ya biti 32. Kwenye mashine ya biti 32 anwani nayo ni ya biti 32, hivyo programu hufanya kazi miaka kumi bila kasoro. Siku ikihamishiwa biti 64, anwani hukatwa nusu na programu huanguka mahali pasipohusiana na kosa. Katika programu ya Wete nilikuta sehemu nne za namna hiyo, na dawa ilikuwa mstari mmoja wa `#include` juu ya kila faili. Ukipata malalamiko kama hayo, rekebisha msimbo. Bendera za kuyanyamazisha zipo, lakini anayeyanyamazisha anamwachia shida mrithi wake.

Hatua ya sita: kagua kabla ya kusafiri

Programu ikishatoka karakanani, iulize mambo mawili. Amri ya `file deni` (`deni` ndilo jina la programu yangu) lazima ijibu kwamba ni ELF, yaani faili ya programu ya Linux, ya biti 32 ya Intel 80386. Halafu `objdump -T deni | grep GLIBC` itaorodhesha matoleo ya glibc yanayohitajika, na hakuna hata moja linaloruhusiwa kuzidi lile lililoandikwa daftarini, ambalo kwangu ni 2.19. Ukaguzi huu wa nusu dakika ungeniokolea nauli ya siku ile.

Jaribio la tatu ni kujenga mara mbili kutoka mwanzo, ndani ya folda ileile, na kulinganisha alama za `sha256sum`. Zikitofautiana, mara nyingi aliyesababisha ni `__DATE__` au `__TIME__` ndani ya msimbo. Viondoe, na uandike namba ya toleo kwa mkono.

Hatua ya saba: sakinisha huku mlango wa kurudi ukiwa wazi

Chagua saa ambayo hakuna mteja. Kwa duka la vifaa vya ujenzi mimi hupendelea kipindi cha masika, wakati mvua imesimamisha mafundi waashi. Nakili kwanza faili za madeni kwenye flashi mbili, na uzifungue moja uone kwamba zinasomeka. Programu mpya usiiweke juu ya ile ya zamani. Ipe jina lenye toleo lake, kama `deni-7`, kisha geuza kiungo:

ln -sfn deni-7 deni

Ikikosea, kiungo hurudishwa kwa `deni-6` kwa mstari mmoja, hata na mwenye duka mwenyewe akielekezwa kwa simu. Chapa stakabadhi halisi kwenye karatasi ya nakala tatu na usome nakala ya chini kabisa, kwa sababu utepe ukiwa umechoka, ya juu husomeka na ya chini hutoka kivuli.

Mashine yenyewe iache nje ya intaneti. Msaada wa muda mrefu wa Debian 8 ulikoma Juni 30, 2020, na vyeti vya usalama ilivyo navyo vimezeeka kiasi kwamba tovuti nyingi haiwezi tena kuzithibitisha. Cheti kimoja kikuu kilichotegemewa sana na mashine za zamani kiliisha Septemba 30, 2021. Faili zote zifike kwa mkono.

Hatua ya nane: ifungue karakana kila mwaka

Mara moja kwa mwaka chukua diski ile ya nyumba ya pili, uende kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona karakana, na uanze kwa kulinganisha alama ya furushi na ile iliyoko daftarini. Lifungue, ingiza msimbo wa toleo linalotumika dukani kwenye folda yenye jina lilelile, jenga, na ulinganishe alama ya programu iliyotoka na ile ya programu inayofanya kazi Wete. Zikilingana, andika tarehe daftarini na urudishe diski mahali pake. Zisipolingana, tafuta sababu wiki hiyohiyo, wakati mashine ya Wete bado inawaka na inaweza kuulizwa.